Njia Naijua

Maneno mawili ndiyo yaliyotulaza nje: "Njia naijua." Niliyasema mimi, saa saba na nusu mchana, Desemba 2018, tukitoka pango la Mude kwenye Mlima Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya, tukishuka kuelekea kambi ya mto Sasa. Nilikuwa nimeupanda mlima ule mara mbili kabla ya hapo. Mara mbili! Wapo wapagazi pale Budadiri, chini ya mlima, walioupanda mara wasizoweza kuzihesabu, na hadi leo sijamsikia hata mmoja akitamka neno hilo.

Mimi ni mtoto wa Malaba, mji wa mpakani. Baba alitoka Mombasa akiendesha malori ya mizigo, akamwoa mwanamke wa Kiteso, akabaki upande wa Uganda. Nyumbani tulisema Kiswahili hata majirani walipotucheka kwamba tunaongea kama askari. Sasa naishi Mbale, nauza vipuri vya pikipiki. Safari ile niliiandaa kwa ajili ya rafiki zangu wawili wa Nairobi, nikamchukua na mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa amemaliza mtihani wa S4, kidato cha nne. Miaka 17, miguu mirefu, simu mkononi muda wote. Tulikuwa na kiongozi, mtu mzima wa kabila la Wagisu, wa maneno machache, na wapagazi watatu.

Kileleni Wagagai, mita 4,321, tulifika salama. Sina la kusema juu ya kilele. Kila mtu ana picha zake. Mambo yaliharibika kwenye kushuka, goti la rafiki yangu mmoja lilipoanza kukataa kazi. Kiongozi akasema twende pamoja, polepole. Mpwa wangu alikuwa anatetemeka kidogo, na mimi nilikuwa na hamu ya chai. Wapagazi wawili walikwisha tangulia na mahema. Watakuwa wamewasha moto.

"Mzee, sisi tunatangulia. Njia naijua."

Akatazama mbingu, kisha akanitazama mimi. "Basi mkifika pale njia inapoingia kwenye mianzi, simameni mtungoje."

Nikaitikia kwa heshima. Hatukupafika.

Ukungu wa Elgon hauji kama pazia linaloshushwa. Unakuja kwa vipande. Unaona kichaka, huoni kichaka, unaona tena, na kila mara unadhani utaisha. Tulikuwa bado katikati ya miti ile ya erika yenye ndevu za kijani zinazoning'inia, na ardhi ina vijia vingi sana. Vingine ni vya watu, vingine vya wanyama, vingine ni maji tu yaliyojichimbia mfereji. Katika ukungu vyote vinafanana.

Saa tisa hivi niliona jambo. Tope mbele yetu lilikuwa bichi, laini, na halikuwa na alama ya kiatu hata kimoja. Asubuhi ile wapagazi wawili walipita na mizigo ya kilo nyingi. Visigino vyao vingepaswa kuwa vimezama pale. Niliona, nikaelewa kabisa maana yake, na nikaendelea kutembea. Hilo ndilo ningependa kulieleza kuliko mengine yote, kwa sababu watu hudhani kupotea ni kutojua. Mimi nilijua. Nilikosa tu namna ya kumgeukia kijana wa dada yangu na kumwambia kwamba mjomba wake, aliyesema njia anaijua, haijui. Kwa hiyo nikampeleka mbele nusu saa nyingine, nikitumaini tope litanitolea kiatu.

"Mjomba, tumepotea?"

"Hapana. Tumezunguka kidogo."

Nusu saa ile, ukiongeza na nyingine iliyofuata, ndiyo iliyotutoa mahali ambapo kiongozi angetupata kwa kupiga kelele mara moja tu.

Kisha nikafanya kosa la pili, lile ambalo kila mtu amelisikia kama ushauri mwema: ukipotea, fuata mto, utakufikisha kwa watu. Labda kwenye nchi tambarare. Elgon ni mlima wa volkano uliozungukwa na majabali yenye ngazi kwa ngazi. Hata njia rasmi ya Sasa, chini kule, inapita kwenye jabali la Mudangi ambako watu hupanda kwa ngazi za kweli. Mto haujali ngazi. Tulifuata kijito kama dakika arobaini, tukishika mizizi na kuteleza kwenye mawe yenye ukoga, hadi sauti ya maji ikabadilika. Ilikuwa nzito zaidi, kama lori linalokuja kwa mbali. Mpwa wangu alikuwa mbele. Nilimshika mkoba kwa nyuma. Hatua nne mbele yake kijito kilikuwa kimekwisha. Chini kulikuwa na weupe mtupu wa ukungu na mshindo.

Na hata bila majabali, kule kushuka kwenyewe ni mtego. Kitako cha Elgon kina kipenyo cha kilomita 80 hivi. Fungua mwavuli, weka sisimizi wawili kwenye ncha ya juu, mmoja hapa na mwingine pembeni yake kidogo, waache washuke. Pale juu wanagusana. Chini mmoja yuko upande wako wa kulia na mwingine wa kushoto. Kule juu kosa la hatua hamsini hulioni. Likifika chini linakuwa bonde zima.

Tukiwa tunapanda tena kutoka kwenye maporomoko, mvua ya mawe ikatukuta. Ngurumo ilikuwa karibu mno, ile inayopiga kabla hujamaliza kuona mwanga. Nchi yetu inajua radi. Mwaka 2011, katika shule moja ya Kiryandongo, pigo moja liliua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Nilimtoa kijana chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake, tukaingia kwenye vichaka vifupi, tukachuchumaa mbalimbali kwa hatua kadhaa, miguu ikiwa imebanwa pamoja. Hatukulala chini. Yalikuwa maamuzi yangu ya kwanza ya maana tangu saa saba.

Sasa niseme kuhusu suruali.

Watu wakisikia hadithi hii huniuliza chui, nyati, nyoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza suruali. Mpwa wangu alikuwa amevaa jinzi na sweta ya pamba yenye kofia, nguo zake nzuri, za picha. Jinzi ikilowa haikauki mlimani. Inakunywa maji, inakuwa nzito, inaganda mwilini na kunyonya joto. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Sisi tulikuwa karibu mita 2,000 juu ya Mbale, usiku unaingia, upepo unapuliza, na kijana amevaa kitambaa kilicholowa kutoka kiunoni hadi kwenye vifundo. Chui wa mlima ule nilikuwa nimembeba mwenyewe kutoka dukani.

Alitetemeka sana kwanza. Hiyo si mbaya. Mwili unaotetemeka bado unapigana. Nilipompa chupa anywe, kifuniko kikamwanguka. Akakiokota, kikamwanguka tena. Mara ya tatu alikiweka kwenye mdomo wa chupa na hakuweza kukizungusha, akacheka, na alipocheka nikasikia ulimi wake mzito, kama mtu aliyekunywa waragi. Baridi inapofika kwenye vidole na ulimi, mlango unaofuata ni ule ambao mtu anaacha kutetemeka, anasema hana baridi tena, pengine anaanza hata kuvua nguo kwa kuhisi joto la uongo. Nilijua hayo kwa sababu mzee mmoja wa Budadiri alinisimulia safari yangu ya kwanza, nami nilisikiliza nusu nusu.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nikasema kwa sauti: "Tumepotea. Leo hatufiki. Tutalala hapa."

Ajabu ni kwamba kijana hakuogopa. Alikaa pia, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa.

Tulimwaga mifuko yote. Makavera mawili, mifuko mikubwa myeusi ya plastiki tuliyofungia nguo. Sweta moja ya sufu, kavu, ndani ya kavera. Kisu kidogo. Kiberiti cha gesi cha kijana, ambacho sikupaswa kujua kwamba anacho, na siku ile sikuuliza anakitumia kwa nini. Kikombe cha bati. Sukari kwenye karatasi. Karanga za kukaanga, kama viganja viwili. Maji nusu chupa. Simu mbili, moja imebaki na asilimia kumi na moja kwa sababu ya picha. Na mkeka wangu mwembamba wa kulalia, uliofungwa mkobani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wapagazi wanavyofunga kila kitu. Tochi, hapana. Filimbi, hapana. Tochi zetu zote zilikuwa zimetangulia na wapagazi, kambini, kwenye chai.

Ilikuwa imebaki kama saa moja ya mwanga. Kwetu hapa karibu na ikweta jua halina kwaheri ndefu. Likizama, dakika ishirini unapapasa. Nikagawa saa ile: kwanza mahali, kisha matandiko, kisha moto.

Mahali pa kwanza palikuwa panavutia kabisa, mwamba uliobinuka ukaacha kijipango kikavu. Nikainamisha kichwa ndani, harufu ikanipiga, ile kali ya mkojo wa popo, na chini kulikuwa na kinyesi cheusi kama punje. Mwaka mmoja nyuma, 2017, wilaya ya Kween, upande wa kaskazini wa mlima huu huu, homa ya Marburg iliua watu watatu wa familia moja, na aliyeanza kuugua alikuwa mwindaji wa karibu na mapango yenye popo. Kijana alikwisha ingia goti moja. Nikamvuta. Alinilaumu, na mimi nilijilaumu nilipoitazama mvua, lakini hatukuingia.

Bondeni sikutaka pia. Watu wa Mbale hatuhitaji kukumbushwa Machi 2010, mlima ulipoteremka usiku juu ya Nametsi kule Bududa. Ardhi iliyolowa kwenye mteremko haina urafiki. Tukachagua kibega cha mlima, mbali na kijito, ukingoni mwa mianzi, penye gogo kubwa lililoanguka na kubaki limeinama. Tukaegemeza mianzi mikavu upande mmoja, tukafunika na kavera moja lililopasuliwa, juu yake majani. Nilitaka kibanda kidogo, na nasisitiza udogo. Kijana alitaka nyumba. Nyumba kubwa inapasha joto hewa; kiota kidogo kinapasha joto watu. Chetu kilituenea wawili tumebanana, basi.

Matandiko yalichukua muda mrefu kuliko paa, na hapo nilikuwa sahihi. Ardhi inaiba joto kuliko hewa. Tulikusanya majani makavu ya mianzi kutoka chini ya matabaka yaliyolowa, tukayarundika mpaka yakawa na kimo cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, tukayakanyaga, tukaongeza tena, kisha mkeka juu. Kabla ya kulala nilipitisha kijiti chini na kuzunguka nikitazama siafu. Siafu hawaombi radhi.

Kisha nguo. "Vua yote ya juu." Aliona aibu. Nikamwambia aibu ya leo nimekwisha imaliza yote mimi. Sweta ya sufu ikaingia kwenye ngozi yake moja kwa moja, kavera la pili likatobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono, likawa koti. Jinzi tuliikamua, akaivaa tena, akajaza majani makavu kati ya suruali na mapaja, akawa kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Shati langu nilifanya vivyo hivyo. Sikumsugua mikono wala miguu, ingawa mkono unakutuma. Mtu aliyepoa anapashwa joto kifuani na kwapani, taratibu, na kama ana akili timamu anapewa kitu cha moto chenye sukari. Pombe hapewi hata kidogo.

Cha moto kilihitaji moto, na moto ulinikataa mara tatu. Mara ya kwanza niliuwasha juu ya ardhi yenye maji. Mara ya pili niliweka vijiti vinene mapema, kwa pupa. Mara ya tatu gesi ya kiberiti ilikuwa baridi, haikutoka, mpaka kijana akakiweka kwapani kwa muda. Nikajikuta nimekaa na kile kipande cha mpira wa tyubu mkononi, nikikichezea kama tasbihi, ndipo nikamkumbuka mama mmoja muuza chapati Malaba anavyowasha sigiri siku za mvua. Mpira! Tyubu inashika moto hata ikiwa imelowa, inatoa moshi mweusi mchafu, lakini inakaa. Tukatandaza vipande vya mianzi kama kitanda ili moto usiguse tope. Nikachana mianzi iliyokufa ikiwa imesimama, si ile iliyolala chini, kwa sababu iliyosimama ndani huwa kavu hata mvua ikinyesha wiki. Nyuzi nyembamba kama njiti za kiberiti, kisha kama kalamu, kisha kama kidole. Kipande cha tyubu urefu wa kidole katikati. Ukashika.

Nililia kidogo. Moshi ule ni mkali.

Tulichemsha maji ya kijito kwenye kikombe cha bati. Juu kule maji yanachemka kabla hayajawa ya moto kama ya nyumbani, yapata nyuzi 90 tu, kwa hiyo tuliyaacha yatokote. Zaidi ya mita 2,000 dakika tatu zinatosha, na sisi tuliyapa zaidi kwa kuwa joto lenyewe lilikuwa tamu kulitazama. Sukari yote tukaigawa vikombe vinne. Karanga tukala nusu. Kijana alikuwa ameona matunda madogo mekundu karibu na kijito na akataka kuyachuma. Nikakataa. Mtu hafi kwa kulala njaa siku moja, wala tatu, lakini tumbo likiharibika unapoteza maji, na ukipoteza maji baridi inakumaliza haraka.

Saa tano usiku kikatokea kilichotuokoa, na sikukipanga. Kijana, akiwa amepata nguvu, alitupa motoni kipande kinene cha mwanzi kibichi, chenye vifundo vyake viwili. Hewa na maji vikafungiwa ndani. Dakika chache, PAAA! Kama bunduki. Makaa yakaruka, moja likatoboa kavera langu. Nilimfokea, kipande kile kingemtoa jicho. Kisha tukacheka hadi tukakohoa.

Mara akanyamaza. Kutoka gizani kulikuja sauti ya kitu kinachonyongwa, kikipanda juu, kikikwaruza, kikiishia na kilio cha mtoto. Akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ilikuwa perere, mnyama mdogo wa mtini, ukubwa wa paka hivi, mla majani. Nilimwambia. Hakuniamini kwa saa nzima, na simlaumu. Sauti ile hata ukiijua haikubali kujulikana.

Usiku ule nilimsimulia habari za babu yake. Baba aliwahi kukwama na lori kati ya Moroto na Kotido, enzi ambazo mvua ikinyesha Karamoja ule udongo mweusi unameza magurudumu hadi kwenye ekseli. Kisha jua likarudi, kali. Utingo wake, tanboi kama tunavyosema Malaba, akachoka kungoja siku ya kwanza, akasema anakwenda kutafuta maji, anaona mahali penye miti. Baba akamwambia: gari ni kubwa kuliko mtu, litaonekana kwanza. Hakusikia. Baba alikaa kwenye kivuli chini ya lori, akatembea asubuhi na jioni tu, akanywa maji ya rejeta? Hapana, alikuwa na akili. Maji ya rejeta yana dawa. Alikuwa na jerikeni lake la lita ishirini, ambalo hakuwahi kusafiri bila hilo. Siku ya tatu lori la jeshi likapita, likamwona. Utingo walimpata wafugaji wa Kikaramojong, midomo imepasuka, hajui hata jina la mji anakokwenda. Wakamnywesha maziwa kidogo kidogo. Alipona. Baba alitusimulia habari hiyo utotoni mwetu mpaka tukawa tunamalizia sentensi zake, na mimi mtoto wake, mchana ule mlimani, nilikuwa utingo.

Kulipopambazuka, jua likatoka safi, na kishawishi kikatoka nalo. Nguo zinatoa mvuke, miguu ina nguvu, mbele unaona mteremko wote. Kijana akasema, "Mjomba, sasa tunaona, twende." Nilikuwa nimekwisha kusimama. Sijui kama ningekaa bila ule usimulizi wa usiku.

Tulikaa. Simu yangu niliiwasha, kwa kuwa usiku niliizima na kuiweka kifuani. Betri ikipata baridi inajifanya imekwisha. Mtandao ulikuja na kwenda, na mara moja nikakaribishwa Kenya kwa ujumbe wa kampuni ya simu. Kupiga haikuwezekana. Nikamwandikia rafiki yangu meseji fupi: wazima, wawili, tupo ukingo wa mianzi juu ya maporomoko, hatusogei, tunagonga mara tatu. Meseji inaweza kupenya kwa upenyo wa sekunde ambao simu ya kuongea haiwezi. Kijana alijaribu 112. Ikaita nusu mlio, ikakatika.

Kisha tukagonga. Kupiga mayowe tulikwisha jaribu jana yake, na sauti zilikuwa zimebaki mikwaruzo. Tukachukua mwanzi mkavu mnene, tukaupiga kwa rungu: ko, ko, ko. Tatu. Kimya cha dakika nzima, tukisikiliza. Ko, ko, ko. Kile kimya ni sehemu ya kazi. Anayegonga mfululizo hasikii anayejibu. Tukaweka na majani mabichi motoni moshi uwe mzito.

Saa tatu na robo tukajibiwa. Filimbi, tatu, kutoka juu kulia, mahali ambapo nisingepafikiria hata ningepewa siku nzima. Hatukukimbia. Tuliendelea kugonga mpaka tukaona kofia nyekundu ya mpagazi.

Walikuwa wametutafuta hadi saa tatu usiku, wakirudi juu na chini kwenye njia. Kisha, wakiwa kambini, wakasikia mlipuko. "Tukadhani risasi," mpagazi alituambia. "Tukasema hao ni majangili, tusiende usiku." Lakini kiongozi akakumbuka upande, na alfajiri akawaleta upande huo. Mwanzi wa kijana ulituchelewesha usiku na kutuokoa asubuhi. Kutoka pale hadi kwenye njia tulitembea dakika ishirini na tano. Dakika ishirini na tano tu!

Kiongozi hakunigombeza. Alimpa kijana suruali yake ya akiba, akampa posho, yaani ugali, ya baridi na kipande cha malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, akasubiri amalize. Kisha wapagazi wakaanza. Kila tulipofika njia panda, mmoja aligeuka kwa adabu kubwa na kuniuliza, "Njia Naijua, tupite wapi?" Jina hilo linanifuata hadi leo Budadiri, mtu akipiga simu kuulizia vipuri na kunisalimu kwa jina hilo, najua anakotoka.

Sasa nina filimbi ya plastiki shingoni hata nikienda shamba la mtu, na mfukoni kiberiti kwenye kikopo cha dawa, kavera, na kipande cha tyubu kilichokatwa vidole vidole. Vyote havifiki uzito wa soda. Na kabla ya safari namwachia dada karatasi: njia gani, na nani, nikipita saa fulani bila kupiga simu aanze kusumbua watu. Mara ile ya Elgon nilikuwa nimemwambia tu, "Tunakwenda mlimani."

Getini, askari wa zamu alikuwa na daftari kubwa. Tulipaswa kutoka kabla ya saa nane; ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Akauliza sababu ya kuchelewa. Kiongozi, kwa wema wake, akasema, "Mvua." Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tulipotea, afande," mpwa wangu akasema.

Askari akainua macho, akanitazama mimi, si yeye. Akageuza kalamu akaielekeza kwenye ramani iliyobandikwa ukutani.

"Wapi?"

Nikaisogelea ramani. Nikauona mto Sasa, nikaliona pango, nikaiona njia imechorwa nyekundu kama mshipa. Nikainua kidole, nikakishikilia hewani muda mrefu. Sikujua pa kukiweka.